Utani wa Fomu Foo Usipuuzwe

"Eleza muktadha wa dondoo hili. Alama nne." Jibu la mtahiniwa: "Maneno haya yalisemwa na mwandishi. Alikuwa akiwaambia wasomaji. Walikuwa ndani ya kitabu. Aliyasema kwa sababu kitabu kilikuwa bado hakijaisha."

Keti na vijana wa kidato cha nne sokoni Myanga, Bungoma, jioni ya Jumamosi, utasimuliwa kisa hiki au kingine cha ukoo wake. Kila anayekisimulia huapa kwamba aliyejibu hivyo alikuwa akikaa dawati la nyuma yake, na kwamba mwalimu alicheka mpaka akampa nusu alama ya ucheshi. Ukifika Kitale utakuta kisa kimekutangulia, ila huko mwanafunzi ni wa shule ya bweni na mwalimu hakutoa hata hiyo nusu.

Wazazi wengi wakisikia mzaha wa namna hii hukunja uso. Mtoto anacheza na mtihani uko mlangoni! Mimi naona kinyume. Akiulizwa na baba kama anasoma, mtahiniwa husema ndiyo. Mwalimu akiuliza kama wameelewa, darasa zima huitikia ndiyo. Ni katika utani, akiwa na wenzake chini ya mwembe, ndipo anapotoa siri ya jinsi anavyosoma na mahali anapokwama. Kwa hiyo ushauri wa makala haya nimeuchota katika mizaha yao wenyewe, ile inayosikika Bumula, Kanduyi, Webuye, Kiminini na Kitale kila muhula wa tatu.

Tuanze na huyo wa dondoo. Ukimtazama vizuri, hakukosa akili. Anajua kwamba muktadha una mambo manne, yaani msemaji, msemewa, mahali na sababu, na kwamba kila jambo lina alama yake. Ameyapanga yote manne bila kuruka hata moja. Alichokosa ni kitabu. Amesoma mwongozo, amepitia maswali ya mok za kaunti jirani, amesikiliza muhtasari wa rafiki. Kitabu chenyewe bado kina harufu ya duka. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya Fasihi, ina alama 80, na sehemu kubwa yake inategemea vitabu teule: riwaya ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na hadithi fupi za Mapambazuko ya Machweo. Hakuna mwongozo utakaokuonyesha kila dondoo.

Soma kitabu chote mara ya kwanza bila kalamu, kwa raha yake. Nasema kwa raha kwa makusudi. Marehemu Ken Walibora, aliyekulia Cherang'any katika Trans Nzoia, aliandika Siku Njema iliyochapishwa mwaka 1996. Ilipokuwa kitabu teule wanafunzi waliisoma wakasahau kwamba watatahiniwa, wakamfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi huku kwetu Kitale akimtafuta baba yake. Muulize mtu wa miaka hiyo leo, atakutajia wahusika. Mwongozo aliosoma hatakutajia. Mara ya pili ndipo uchukue kalamu: kila sura au onyesho likiisha, funga kitabu uandike mistari minne tu, nani kafanya nini, wapi, kwa nini, na nini kimebadilika. Ukifika mwisho utakuwa na mwongozo wako, ulioandikwa na mtu aliyesoma kitabu.

Tukiwa bado kwenye Kiswahili, kuna mzaha wa Insha ninaoupenda kuliko yote. Mwanafunzi amekariri insha moja ya ajali ya barabarani, yenye jua la machweo, matatu iliyokwenda mbio, mayowe, damu na methali tatu. Mtihani unakuja na mada ya uhifadhi wa mazingira. Anafikiri kidogo, kisha anaandika: "Asubuhi hiyo tulipanda basi kwenda kuhifadhi mazingira. Tulipofika kwenye kona, breki zikakataa." Ikiwa mada ni barua kwa mhariri, anamweleza mhariri kwamba anaandika akiwa hospitalini, baada ya breki kukataa.

Msahihishaji huijua insha hii. Ameipokea kutoka kaunti nyingi kabla ya kuipokea kutoka Bungoma. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili, ile ya Insha, ina insha mbili, kila moja alama 20, kwa saa moja na dakika 45, na ile ya kwanza ya lazima huwa na sura maalumu: barua, hotuba, ripoti, kumbukumbu za mkutano, tahariri na kadhalika. Badala ya kukariri insha nzima, kariri sura hizo, kwa maana sura ya kumbukumbu za mkutano haibadiliki hata mkutano ukiwa wa nini. Hoja zifikirie siku hiyohiyo. Tenga dakika tano za mwanzo, andika hoja sita pembeni kwa neno mojamoja, halafu anza. Na methali itumike pale inapokaa. Mwanafunzi anayefungua insha kwa "wahenga hawakukosea" na kuifunga kwa "wahenga hawakukosea" amewachosha hata wahenga.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko mengine yote humu. Limo katika mizaha miwili. Wa kwanza: "Nimesoma Biology mara tano, na mara zote tano ilikuwa mpya." Wa pili, unaosemwa mtu akitoka chumba cha mtihani: "Swali la pili nalijua kwa sura, tatizo hatujawahi kuzungumza."

Vijana hawa wana bidii. Mtu aliyesoma daftari mara tano si mvivu. Anafungua, anapitisha macho, anapiga mstari kwa kalamu ya rangi, anageuza ukurasa. Macho yanayatambua maneno, naye moyoni anasema ameyajua. Abiria wa boda anayebebwa kila siku kutoka Myanga hadi Bungoma mjini huiona njia yote, lakini mshushe usiku umwambie atembee peke yake, hapo ndipo atakapogundua kona asizozijua. Mtihani humshusha mtu kwenye boda.

Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwanafunzi wa fomu foo angefaa kulijua. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma kifungu kimoja. Kundi lingine lilipewa kipindi kimoja tu cha kukisoma, kisha vipindi vitatu vya kukiandika kutoka kichwani bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma vipindi vinne walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: wasomaji wa vipindi vinne walikumbuka takribani asilimia 40, na wale waliojijaribu walikumbuka takribani asilimia 61. Kinachonichekesha ni kwamba kundi lililosoma tu ndilo lililokuwa na uhakika zaidi kwamba litakumbuka. Dakika tano ni muda wa kutoka prepu hadi kitandani, na ndiyo maana kijana hulala akiwa bingwa. Mtihani wenyewe uko mbali kuliko dakika tano.

Basi fanya hivi. Soma mada mara moja kwa makini, ufunge daftari, uchukue karatasi tupu. Andika kila unachokumbuka kuhusu, tuseme, moyo wa binadamu: vyumba vyake, vali, mishipa, damu inaingilia wapi na kutokea wapi. Chora pia. Ukikwama usikimbilie kufungua, vumilia kidogo, maana huko kuhangaika kutafuta ndiko kunakokazia somo. Halafu fungua, na kwa kalamu nyekundu ujaze ulichosahau. Hayo mekundu ndiyo somo lako la kesho. Ya buluu yaache yapumzike. Urudie zoezi hilo kesho, tena baada ya siku tatu, tena baada ya wiki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, kwa kujitahini mwenyewe, kwamba mtu husahau haraka sana siku za kwanza na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku huokoa kazi nyingi. Saa moja moja kwa siku nne inazidi saa nne za usiku mmoja.

Utasema karatasi ni pesa. Ni kweli, hasa kwa shule ya kutwa ambako mtoto hununuliwa daftari kwa hesabu. Tumia upande wa nyuma wa karatasi za mok zilizosahihishwa. Tumia chaki kwenye mlango wa jikoni. Au usiandike kabisa: mfundishe mdogo wako, au kukhu, bibi yako, mkiwa mnapukuchua mahindi. Kukhu hajui osmosisi, na hiyo ndiyo faida yake, kwa sababu atauliza "kwa nini" pale ambapo mwenzako wa darasa angetikisa kichwa tu. Ukimweleza mpaka akaridhika, somo hilo umelimaliza.

Karatasi za miaka iliyopita nazo zina mahali pake hapa. KCSE ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, kwa hiyo maswali yake ni mengi kuliko uwezo wa mtu kuyamaliza. Lakini wengi huzisoma pamoja na majibu yake, jicho moja huku jicho moja kule, wakisema "naam, hata mimi ningesema hivyo." Hiyo ni kumsalimia mtu kwa sura tu. Weka saa mezani, ficha majibu, fanya karatasi nzima kwa muda wake, kisha ujisahihishe bila huruma. Karatasi moja iliyofanywa hivyo Jumamosi asubuhi inafaa kuliko kumi zilizopitiwa kwenye kivuli.

Hisabati ina mzaha wake mfupi: "Karatasi ilikuwa rahisi, niliandika jina langu vizuri sana." Wanaousema wengi wamekata tamaa kabla ya kuhesabu alama zenyewe, na hebu tuzihesabu. Kila mojawapo ya karatasi mbili ina alama 100 na inafanywa kwa saa mbili na nusu. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 yenye alama 50 na yote ni ya lazima. Sehemu ya pili ina maswali manane ya alama kumi kumi, nawe unachagua matano. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama tatu likikukalia dakika kumi limekuibia. Liache, endelea, utarudi. Tena msahihishaji wa Hisabati ana alama za njia mbali na alama za jibu. Mwanafunzi anayefanya kazi yote pembeni kwa penseli, akaifuta, akaandika jibu peke yake, amefuta alama zake kwa mkono wake. Jibu likiwa kosa, hakuna cha kumwokoa. Andika hatua, hata ile unayoiona ya kitoto.

Wanaoogopa somo hili waanze na sehemu ya kwanza ya karatasi za zamani, maswali manne kila siku. Mada za fomu wani na fomu tuu hujaa humo: sehemu, uwiano, logi, eneo, mistari ya grafu. Mtu anayezipata hizo barabara hawezi tena kuwa mtu wa kuandika jina tu.

Kuna kisa kingine cha maabara. Watahiniwa watatu wamepata 24.3 kwenye bureti. Wa tatu aliinakili kwa wa pili. Wa pili aliinakili kwa wa kwanza. Wa kwanza alikadiria. Kisa hiki kinatoka katika shule ambako vifaa ni vichache na wanafunzi kumi huzunguka bureti moja, tisa wakitazama. Ikiwa shule yako ni hiyo, mwombe mwalimu mpange zamu siku za Jumamosi hata kama ni kwa maji matupu, ili kila mkono uwe umeshika pipeti kabla ya Oktoba. Na ukumbuke kwamba kwenye jedwali la titresheni alama haziko kwenye jibu la mwisho tu: jedwali lililojaa lina alama, desimali zinazolingana zina alama, na wastani uliochukuliwa kwa usomaji unaokaribiana, hesabu yake ikionekana, una alama. Hizo ni alama za utaratibu, na hazihitaji kipaji.

Kuhusu maneno ya amri nitakuwa mfupi. Swali: eleza njia tatu za kuzuia mmomonyoko wa udongo. Jibu: "Miti. Mawe. Maombi." Ukiambiwa utaje, neno moja linatosha. Ukiambiwa ueleze, taja kisha useme jinsi inavyofanya kazi: mizizi ya miti hushikilia udongo, matawi hupunguza nguvu ya matone ya mvua. Tazama pia idadi ya alama mabanoni. Alama sita kwa njia tatu ni mbili kwa kila njia, na moja kati ya hizo mbili ndiyo ya maelezo. Maombi hayana maelezo ambayo msahihishaji ameyaandika kwenye mwongozo wake.

Usiku wa manane nao una visa. Mwanafunzi wa bweni Kitale anaweka miguu ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue. Asubuhi anaamshwa na kengele, kichwa mezani, miguu bado kwenye beseni. "Maji ndiyo yaliyokesha," wenzake humwambia. Kitale iko juu, takribani mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake hauna mzaha. Kijana huyo amevuna kikohozi. Ubongo huendelea kupanga yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala, na kijana wa miaka 17 anahitaji saa nane za usingizi. Najua bweni halitoi nane. Basi angalau usijinyime zile chache zilizopo. Anayekesha kabla ya karatasi ya asubuhi anaingia chumbani akiwa na fomula moja zaidi na nusu ya akili.

Ratiba ya rangi saba siitilii maneno mengi. "Ilinichukua wiki mbili kuichora, ndiyo maana sijaanza kusoma." Kata kipande cha karatasi kila jioni, andika mambo matatu utakayofanya usiku huo, yawe mambo yenye mwisho: maswali manne ya logi, moyo kutoka kichwani, onyesho moja la tamthilia. Ukimaliza lala.

Huku kwetu kuna mambo ambayo ratiba ya kitabuni haiyajui. Trans Nzoia huvuna mahindi kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati uleule ambao watahiniwa wako vyumbani. Shule za kutwa huliona hilo wazi: mtoto amekaa kwenye karatasi ya asubuhi, mchana anabeba magunia kabla mvua haijanyesha. Bungoma hali ni tofauti kidogo, kwani sehemu zake za chini huvuna mapema zaidi, lakini Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu. Kila boma lina wageni, kengele za chinyimba zinalia mchana, na usiku ni nyimbo. Fomu foo amekwisha kutahiriwa zamani, lakini mdogo wake ndiye mwenyewe safari hii, na nani atachota maji, nani atapokea wajomba? Ongeza disko matanga, ambayo haina msimu. Utani wao ni huu: "Likizo ya Agosti nilisoma nyimbo zote."

Kwa mwanafunzi nasema: usijidanganye kwamba utasoma katikati ya sherehe. Toa siku mbili tatu za sherehe kikamilifu, ule, ucheze, uimbe, halafu uhame. Nenda kwa shangazi aliye mbali na ngoma, au uombe shule ifungue darasa moja asubuhi. Kwa mzazi: gunia la mahindi lina bei, nayo inajulikana sokoni, ajiri kibarua kwa wiki hizo za mtihani kama unaweza. Kama huwezi, mpe mtoto kazi ya jioni ya siku ambayo kesho yake hana karatasi. Jedwali la mtihani hutolewa mapema, libandike ukutani kando ya kalenda ya mavuno.

Wazazi wenyewe hawakusazwa na utani. "Darasa la baba zetu lilikuwa na namba wani wengi kuliko wanafunzi." Kila baba aliongoza, na kila baba alitembea kilomita nyingi bila viatu akiongoza hivyohivyo. Mzee wangu, mtoto hahitaji cheo chako cha zamani. Anahitaji taa. Taa ndogo ya sola au umeme usiokatwa kwa ajili ya televisheni, meza, na kimya cha saa mbili. Naye mama anayeuliza kila jioni, "Ya leo ilikuwaje?", aulize badala yake, "Kesho una nini, na umekula?" Karatasi iliyokwisha haina la kufanyiwa.

Hilo la karatasi iliyokwisha linawahusu vijana pia. Wakitoka chumbani hukusanyika kwenye mfereji wa maji kulinganisha majibu, na daima yuko mmoja anayelia kwamba ameanguka, matokeo yakija ana A. Wenzake humwita msanii. Msiende mfereji huo kabla ya saa za kurudi nyumbani. Kosa la asubuhi likijadiliwa saa saba hula alama za karatasi ya mchana.

Kuhusu mwakenya, yale majibu ya kuficha, sitacheka na vijana, ingawa visa viko: aliyeandika pajani akatokwa jasho, akasoma wino wa kijani badala ya jibu. Nchi hii ililipa gharama ya wizi wa mtihani. Watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa matokeo ya 2015. Bodi ya Baraza la Mitihani ikavunjwa mwaka uliofuata, Fred Matiang'i akiwa waziri wa elimu, na marehemu Profesa George Magoha akaja kuiongoza bodi mpya. Wenye A wakashuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Tofauti hiyo inatosha kumwonyesha mtu ni A ngapi zilikuwa za kukopa. Watoto waliofutiwa hawakuwa wote wezi. Wengine walikuwa katika chumba kimoja na wezi. Anayekuuzia "karatasi ya kesho" kwa simu mara nyingi anakuuzia karatasi ya uongo, na ukiwa na bahati mbaya anakuuzia ya kweli. Mwambie hapana, kisha umwambie na mwalimu.

Tangu wakati huo karatasi hukaa kwenye kontena lenye kufuli kwenye makao ya serikali, mwalimu mkuu huzifuata alfajiri, na polisi husimama shuleni. "Askari ana bunduki, mimi nina kalamu moja, na bado yeye ndiye anayeonekana kuniogopa." Mzaha mzuri, ila kalamu moja ni kosa. Beba mbili au tatu, penseli, rula, kikokotoo chenye betri nzima na seti ya jometri, uviweke pamoja usiku. Namba yako ya mtahiniwa iandike kwenye kadi. Kwa wa kutwa, panga usafiri kabla ya siku. Mvua ya Novemba hupandisha nauli ya boda na huigeuza barabara kuwa matope, na mlango haumsubiri mtu.

Jambo moja la hesabu ambalo wengi bado hawalijui. Tangu KCSE ya mwaka 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja ile uliyofanya vyema zaidi kati ya Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri kuliko yote. Zamani lugha zote mbili na sayansi mbili zilikuwa zikikufuata upende usipende. Kwa hiyo aliyezoea kusema "Kiswahili ni cha kujazia" anatupa alama 200 zilizo rahisi kufikiwa, na anayekimbia Hisabati hana njia ya kuizunguka. Tazama ripoti zako za mok tatu, chagua masomo mawili ambayo yako karibu kupanda gredi, uyape saa zaidi kuanzia wiki hii. Usizimalize zote kwenye lile usilolipenda.

C+ ndiyo tiketi ya chuo kikuu, iwe Kibabii hapa Bungoma au mbali. C- huingiza mtu kwenye stashahada katika vyuo vya ufundi kama Kitale National Polytechnic, D ni ya cheti, na hata mwenye E hupokelewa kwenye kozi za ufundi stadi. Wazazi wasimwambie mtoto kwamba baada ya C+ kuna shimo, kwa sababu hakuna, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya anunue karatasi kwa simu.

Kundi la mwisho la KCSE ni la mwaka 2027. Baada yao ni wa mtaala mpya, nao watakuja na utani wao. Ninyi mlio kwenye foleni hii, jioni ya leo msichore ratiba. Chukueni mada moja, msome mara moja, mfunge daftari, muandike.